Vidonge vya Shukrani

Juru, Nakivale
Jumatatu, baada ya mvua

Kwa dada yangu Mapendo, mama yake Neema,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumbani huko Baraka. Nauliza habari ya goti lako, na kama unapata usingizi tangu ile milio ya bunduki milimani ianze tena. Nauliza kama shemeji amemaliza paa la jikoni au bado anasema kesho. Sisi huku tuko. Maharage yametoa maua. Mahindi yalichelewa, lakini yamesimama.

Unajua kazi niliyoifanya redioni miaka yote ile, na unajua sijui kuzungukazunguka jambo. Nitaanza na lililo kubwa. Neema yuko hai. Anakula, homa imekwisha, anatembea kwa gongo. Mguu wake wa kushoto umepoteza vidole viwili, kile kidogo cha mwisho na jirani yake. Siku ile kwenye simu nilikuambia ameumia kidogo shambani. Laini ilikuwa inakatika, nami niliogopa kwamba ungefunga mzigo uje na goti lako hilo. Nilichokuambia hakikuwa kweli. Nisamehe. Sasa nitaeleza tangu mwanzo. Sehemu yako imo ndani yake, na yangu ni kubwa zaidi.

Ilikuwa palizi ya pili. Neema alikuwa akilima mpakani mwa shamba letu na la jirani yetu, Mama Sifa, yule mjane wa Fizi niliyekwisha kukutajia. Jembe liligonga jiwe, likateleza, likamkata juu ya kidole kidogo cha mguu. Jeraha lilikuwa na urefu wa kidole gumba changu. Damu haikuwa nyingi. Alilifunga kwa kipande cha kitenge, akamaliza mstari wake. Tulipofika nyumbani alitoa kile kikopo cha maziwa ya unga ulichomtumia kwa mkono wa mke wa mchungaji wenu, kile ulichokijaza vidonge. Akafungua viwili vya rangi mbili, akamwaga unga wake ndani ya jeraha, kama ulivyokuwa ukitufanyia sisi wote tulipojikata kwa panga la mihogo. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia mguu.

Hapa lazima nikueleze desturi ya kanisa letu, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata.

Tulipofika nchi hii tulikaa kwanza Kabazana, pale wanapopokea wakimbizi wapya kabla ya kuwagawia viwanja. Tulilala wengi katika hema moja. Mtoto wa mmoja akipata dawa, na wa mwingine hana, mama yake alikuwa anakata: hivi vyako, hivi vya kwangu. Hakuna aliyefundishwa. Ilikuwa hivyo kwa unga, kwa sabuni, kwa blanketi, ikawa hivyo na kwa dawa. Tulipohamia Juru, kanisa likafanya kundi la kutembelea wagonjwa, na kundi likawa na kitunga, kikapu kidogo cha kusuka ambacho hupitishwa Jumapili wakati wa ushuhuda. Mtu aliyepona husimama, anasema Mungu alimtendea nini, kisha anaweka ndani ya kitunga vidonge vilivyobaki. Tunaviita vidonge vya shukrani. Kundi linavipeleka kwa mgonjwa wa wiki inayofuata.

Angalia jinsi jambo hili lilivyokua, dada. Mtu akipewa dawa ya siku saba, akapata nafuu siku ya tatu, zilizobaki ndizo ushahidi wake. Kadiri zinavyobaki nyingi ndivyo uponyaji wake unavyokuwa mkubwa. Mwanamke mmoja aliwahi kusimama na dozi nzima isipokuwa vidonge viwili, na kanisa likapiga vigelegele. Aliyemeza mpaka mwisho hana cha kuweka. Anakaa kimya kwenye benchi, na watu wanafikiri imani yake ni ndogo.

Kundi lilihitaji karani, mtu wa kuandika vizuri. Wakanichagua mimi. Nilinunua daftari, nikaandika kila kitu: dawa gani, vingapi, vimetoka kwa nani, vimekwenda kwa nani. Nilijivunia daftari lile. Hakuna kidonge kilichopotea mikononi mwangu.

Sasa nirudi kwa mguu. Siku ya nne ulivimba. Mama Sifa alikuwa amepewa dawa ya kifua pale kituo cha afya, naye alikwisha kuona nafuu. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na vidonge vinane vilivyobaki ndani ya karatasi. Neema akameza siku mbili, uvimbe ukashuka, na Jumapili akasimama kushuhudia. Akaweka viwili kitungani. Niliandika hivyo.

Baada ya wiki moja mguu ulivimba tena, mara hii mpaka kwenye kifundo. Kundi lilikuja na kitunga. Walitoa vitatu vya nyumba hii, vitano vya nyumba ile, vyeupe, vya manjano, vya rangi mbili. Vilipokwisha, nilipanda baiskeli mpaka Kabingo, kwenye duka la dawa. Muuzaji aliniuliza nataka ngapi. Nikasema vinne. Hakuniuliza ni vya nini, nami sikumwambia. Kila mara homa ya Neema iliposhuka tuliacha dawa, tukamshukuru Mungu, tukaweka akiba kwa ajili ya mwingine. Kila mara homa iliporudi, ilirudi na nguvu zaidi.

Wiki ya tatu kidole kidogo kilikuwa cheusi na chumba kilikuwa na harufu. Neema alianza kuita jina lako na kuzungumza na wewe kana kwamba umekaa kitandani. Nilimbeba mpaka kituo cha afya cha hapa Juru. Muuguzi alifungua kitenge, akakifunga tena, akaenda kupiga simu. Jioni ile tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa, njia ya Mbarara.

Sitakuchosha na habari ya hospitali. Ni kubwa, ina watu wengi, na kila mgonjwa anahitaji mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wake. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Daktari aliyempokea ni mwanamke kijana, Mnyankore, mwenyeji wa huko. Yeye hajui Kifaransa nami Kiingereza changu ni kibovu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu.

Aliuliza mgonjwa alikula dawa gani kabla ya kuja. Nikamwonyesha daftari. Alifungua, akageuza kurasa mbili, akanitazama.

"Watu wote wananiambia hapana, hakuna dawa alikula," alisema. "Wewe umeniletea kitabu. Wewe ni daktari kwa kwenu?"

Nikasema hapana, nilikuwa nasoma habari redioni.

"Sawa, mzee. Basi nisomee habari."

Nilifikiri anatania. Lakini alikaa ukingoni mwa kitanda, akatoa kalamu, akasubiri. Nikasoma. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma taarifa ya asubuhi, bila kupandisha sauti wala kuishusha: unga wa vidonge viwili, jeraha la Neema, kutoka kikopo cha Baraka. Vidonge vinane, Mama Sifa kwa Neema, vilivyotumika sita. Vitatu vyeupe, siku moja. Vitano vya manjano, siku moja na nusu. Vinne vya Kabingo, siku mbili. Nilipofika mstari wa tisa nilisikia ninachokisoma. Nimesoma redioni habari za mashambulizi, za maiti, na sauti yangu haikutetemeka. Pale niliusoma mstari uleule mara mbili.

Daktari hakunikemea. Alisema, "Zote ni nusu. Hakuna hata moja ilifika mwisho. Hao wadudu, mzee, hamkuwaua. Mumewapeleka shule."

Kisha alinieleza, na nakuandikia kama nilivyoelewa. Dawa ikianza kazi, wadudu wa jeraha walio dhaifu hufa kwanza. Mtu anapata nafuu, anaacha. Wanaobaki ni wale wagumu, waliokwisha kuionja dawa. Wanazaana wao peke yao. Ukiwaletea dawa nyingine nusu, wanajifunza na hiyo. Na hawakai kwa mtu mmoja. Wanapita mikononi, kwenye kitambaa, kwenye karai, wanaingia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Walichukua usaha kwa pamba, wakaupeleka maabara, wakauotesha kwa siku tatu ili waone ni dawa gani inawaweza wadudu hao. Siku ya kwanza ya kusubiri walikata vidole viwili, kwa sababu weusi ulikuwa unapanda. Homa ilipompa nafasi, Neema alitia sahihi mwenyewe. Aliniuliza tu kama ataweza kuvaa viatu vya kanisani.

Karatasi ya maabara ilipokuja niliomba kuiona. Ni orodha ya majina ya dawa, na mbele ya kila jina kuna herufi moja. Herufi moja maana yake dawa inafanya kazi, nyingine maana yake wadudu wamekuwa sugu. Nililinganisha na daftari langu, jina kwa jina. Kati ya dawa zote zilizopita katika kitunga chetu, hakuna hata moja iliyokuwa bado na nguvu juu ya mguu wa Neema. Hata ile ya kikopo chako. Zilibaki mbili tu chini kabisa ya orodha. Moja haikuwepo wodini. Nyingine ilikuwepo, ya kutiwa kwenye mshipa, mara tatu kwa siku. Nilimuuliza daktari, na hiyo ikishindwa? Alisema tutajibu hilo likifika. Mimi mwenyewe nimewahi kuwajibu watu hivyo, nikiwa najua jibu na sitaki kulisema.

Siku nne hatukujua. Kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja akiuguzwa na binti yake, mke wa sajini wa kambi ya jeshi ya hapo mjini. Binti huyo ni mwanamke mwenye mdomo. Alitupatia karai lake na nafasi kwenye jiko lake, na kila asubuhi alimwuliza Neema kama huo mguu ulipigana na simba au na fisi. Nilipomsimulia habari ya kitunga alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka.

"Kwa kambi yetu," alisema, "askari akitoka kazi anarudisha risasi zenye zimebaki. Anahesabu kwa stoo, moja, mbili. Hiyo ni sawa. Lakini dawa si risasi, mzee. Dawa hapana rudisha. Unapiga yote."

Neema alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike.

Siku ya tano homa ilishuka, ya sita haikurudi. Tulikaa mpaka dawa ya mshipa ikamalizika. Alipotoka alipewa vidonge vya siku kumi vya kumalizia. Daktari alimfanya arudie maneno mara mbili: siku kumi, hata ukipona kesho.

Tulirudi Juru. Na sasa ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi, kuliko hata vidole.

Siku ya nne ya vidonge vile, asubuhi, Neema alikuwa mlangoni akimenya mihogo, mguu umewekwa juu ya kigogo. Mama Sifa alikuja. Alikuwa anakohoa, uso umemvimba kwa homa, amejifunga kitenge mara mbili. Kifua chake kimerudi. Akakaa, akasalimia, akaulizia mguu. Kisha akasema amesikia kwamba Neema ana dawa ya nguvu ya Mbarara, na anaomba ya siku tatu tu.

Niliona mkono wa Neema na kisu vimesimama. Dada, wewe umemlea, unajua hajawahi kumnyima mtu kitu. Na huyu ndiye aliyemletea vidonge vinane bila kuitwa.

"Mama, hizi hazitoshe batu babili," alisema. "Zinatosha mutu moya tu. Na hata hiyo ugonjwa yako haiko sawa na yangu."

"Miye nilikupatia ya kwangu."

"Ulinipatia, mama. Sijasahau."

"Sikukuuliza kama inatosha. Nilikupatia." Mama Sifa alikohoa mpaka akainama. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei: "Choyo ulijifundishia fasi gani? Kule Mbarara?"

Neema alichukua kidonge cha saa ile kutoka kwenye pakiti, akakimeza kwa maji, mbele yake. Hakufanya kwa kiburi. Saa ilikuwa imefika. Lakini mimi niliyekuwa nimekaa pale nilijua hakuna tusi kubwa kuliko hilo katika kijiji chetu. Mama Sifa alisimama akaondoka. Tulimsikia akikohoa mpaka kwake.

Nilitoa baiskeli nikamfuata. Nilimwambia nitampeleka kituo cha afya apimwe, apewe ya kwake. Alishika njia ya kituo. Nilisukuma baiskeli nyuma yake kama mwendawazimu anayetembeza ng'ombe wa chuma. Katikati ya njia alichoka, akakaa kwenye kerea, nyuma ya kiti changu, bila kunitazama, nami nikaendesha. Walimpima, wakampa dawa ya siku saba. Nilimweleza yote ya Mbarara tukirudi. Alisema neno moja tu: "Nimesikia."

Baada ya hapo hakutusalimia. Alipita mpakani mwa shamba kana kwamba sisi ni miti.

Katika wiki hiyo nilisimama mbele ya kundi, nikasoma daftari kama nilivyolisoma hospitalini, nikasema vidonge visiingie tena kitungani. Viingie chumvi, sabuni, maharage. Walinisikiliza kwa heshima. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Karani, tuambie watu waache kushukuru?" Nikasema washukuru kwa kitu kingine. Wakasema watafikiri. Bado wanafikiri. Nilirudisha daftari, nikawaambia sitaandika tena kidonge hata kimoja. Wengine wanasema nimeacha kazi ya Mungu kwa sababu ya maneno ya daktari mmoja.

Jana ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda kitunga kilipita kama kawaida. Mama Sifa akasimama. Amekonda, lakini hakuwa anakohoa. Watu waligeuka kumtazama Neema, kwa sababu wote wanajua habari yao wawili. Alikwenda mbele, akatoa pakiti kwenye fundo la kitenge, akaiinua. Ilikuwa tupu. Kila tundu lake lilikuwa limepasuliwa.

"Nilikula zote," alisema. Aliongea kama anaungama dhambi, macho chini. "Siku saba. Hata siku zenye sikukuwa mugonjwa, nilikula. Sikubakishia mutu."

Akaiweka pakiti tupu kitungani, akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Neema peke yake alisema amina, na ilisikika, maana hakuna mwingine aliyesema. Mama Sifa hakugeuka. Kisha mama mwingine akasimama, akamshukuru Mungu kwa kumponya mapema, akaweka juu ya ile pakiti vidonge sita.

Hapo ndipo tulipo, dada. Sina habari nzuri zaidi ya hiyo.

Sasa ombi langu. Mke wa mchungaji amenipigia simu kwamba umeandaa kikopo kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, na kwamba yuko tayari kukibeba akisafiri. Najua jinsi unavyovipata vidonge vile: kimoja hapa, viwili pale, kwa kila nyumba unayokwenda kusaidia. Najua umekaa na kikopo hicho kwenye mapaja ukimfikiria mtoto wako. Usikitume. Na usivigawe huko pia. Vipeleke kwa muuguzi wa kituo chenu, yeye atajua la kuvifanya. Ukikasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie Neema. Ninachokuomba si rahisi. Hatukuwa na njia nyingine ya kuonyeshana upendo katika ugonjwa, na hiyo tuliyokuwa nayo ndiyo iliyomkata vidole.

Nisalimie shemeji na paa lake. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, anayeuza mkaa, mwambie bado naikumbuka sauti yake akiniambia nipunguze maneno. Nisalimie mdogo wetu mwalimu na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie mke wa mchungaji na umshukuru kwa kutaka kubeba mzigo. Neema anakusalimu. Anasema viatu vya kanisani vinaingia, akijaza kitambaa kidogo mbele.

Kikopo chenyewe usikitupe. Kioshe kwa maji ya moto, ukianike juani, kisha ukijaze ndakala, wale dagaa wakavu wa ziwa letu. Hao tutawagawa. Wa kwanza atakuwa Mama Sifa, kama atapokea.

Ni mimi mdogo wako, bado mzima, bado naandika kilichotokea,

Wilondja